Potasiamu ya kutosha: anza na sufuria, vidonge baadaye

Wengi wanaokuja kliniki ya lishe wakiulizia madini ya potasiamu wameshaamua dawa yake: ndizi. Ndizi si mbaya. Ila ndizi mbivu moja ya wastani ina miligramu 400 na ushee, na ukitaka kufikisha mahitaji ya siku kwa ndizi tupu utakula nane na bado. Sehemu kubwa ya potasiamu tunayoikosa tumeshainunua sokoni tayari, kisha tukaimwaga na maji ya kuchemshia mboga. Nyingine tunaikosa kwa sababu wali umejaa sahani na mboga imewekwa pembeni kama pambo. Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha figo zako zinaruhusu

Potasiamu inayozidi mwilini hutolewa na figo kupitia mkojo. Figo zikidhoofika hubaki kwenye damu, na ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo, mara nyingine bila dalili ya kukuonya. Kwa hiyo kama una ugonjwa wa figo, au una kisukari cha muda mrefu na hujapimwa figo, usiongeze chochote kabla ya kupima damu kuona potasiamu na kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi.

Kisha toa pakiti za dawa zako uzisome. Usiishie kwenye jina kubwa la kampuni, tafuta jina la dawa lenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo. Enalapril, lisinopril, losartan na spironolactone huzuia potasiamu isitoke. Furosemide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, na hydrochlorothiazide hufanya kinyume, zinaitoa kwa mkojo. Kuna watu wanaotumia za pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kliniki wanachosema ni "natumia ya presha" basi. Hao waongee na daktari wao kwanza.

Hatua ya 2: Jua unalenga wapi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku kutoka kwenye chakula. Wamarekani walipopitia upya viwango vyao mwaka 2019 waliweka 3,400 kwa mwanaume na 2,600 kwa mwanamke. Usihangaike na tofauti hiyo. Mtu anayeishi kwa chai, sembe na wali mweupe yuko chini ya vyote.

Hatua ya 3: Andika ulichokula jana

Jana, si siku ya sikukuu. Chukua karatasi, andika kila kitu pamoja na chai, halafu weka alama kwenye vitu vya makundi haya: jamii ya maharage, mboga za majani, viazi na ndizi za kupika, matunda, maziwa. Ukikosa alama tatu, hapo ndipo pa kuanzia.

Wali mweupe uliopikwa una miligramu 35 hivi tu kwa gramu 100. Maharage yaliyoiva yana kama 400 kwa uzito huohuo, mchicha uliopikwa unapita 600, parachichi linakaribia 490, ndizi za kupika 460. Hesabu yenyewe haina haja ya mzani.

Tuijaribu siku moja. Asubuhi glasi ya maziwa au mtindi na ndizi mbivu, hapo una karibu 770. Mchana ugali wa kawaida, kikombe kizima cha maharage (700) na nusu kikombe cha mchicha (420). Ugali nao unachangia kidogo, tuseme 200. Jioni ndizi za kupika vipande vichache, gramu 200 hivi, ambazo ni kama 900, na nusu ya parachichi, 480. Jumla inakaribia 3,500 kabla hujahesabu nyanya za kwenye mchuzi. Hakuna kitu hapo kilichotoka supamaketi. Ukila dona badala ya sembe unaongeza tena, maana kiini na ganda la hindi havijaondolewa.

Asiyepata ndizi za kupika ale viazi, mbatata au vitamu. Asiyekunywa maziwa aongeze kunde au choroko. Tende nazo zina potasiamu ya kutosha, ila zina sukari nyingi; mwenye kisukari asizifanye tegemeo.

Hatua ya 4: Acha kumwaga potasiamu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina gharama. Potasiamu haiungui kwa moto. Inayeyuka kwenye maji. Mwangalie mtu anavyopika mchicha: anaukata mwembamba, anauosha baada ya kuukata, anauchemsha kwenye maji mengi, anauchuja, halafu anaukamua kwa mikono miwili mpaka unakuwa donge. Yale maji ya kijani yanayoenda kwenye sinki yamebeba sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta.

Fanya hivi. Osha majani yakiwa mazima. Kata makubwa makubwa. Kaanga kitunguu na nyanya kwanza, tia mchicha ukiwa bado na matone ya maji ya kuoshea, funika dakika chache. Utatoa maji yake wenyewe, na hayo ndiyo mchuzi, usiyachuje. Viazi vichemshe na maganda, umenye vikishaiva. Maharage, maji ya kulowekea yamwage bila wasiwasi, kuyamwaga kunapunguza gesi, lakini supu ya kupikia ibaki sufuriani. Mtori ni mfano mzuri kwa sababu kila kilichoyeyuka kinanyweka.

Muhogo mchungu na kisamvu haviingii kwenye kanuni hii. Vina sumu ya sianidi, kwa hiyo endelea kuviandaa kama mlivyofundishwa nyumbani: kuloweka, kutwanga, kuchemsha vizuri na kumwaga maji.

Na kama wewe ni yule uliyeambiwa na daktari upunguze potasiamu, isome hatua hii kinyumenyume: kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga.

Hatua ya 5: Punguza chumvi sambamba

Kwa upande wa presha, potasiamu huzisaidia figo kutoa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Ukiongeza mchicha huku unamimina chumvi, unavuta kamba pande zote mbili. Kikomo kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ile ya kwenye mkate na viungo vya mchuzi vya vipande. Magadi ya kulainishia maharage nayo ni sodiamu. Watu huyasahau kwa sababu hayaitwi chumvi.

Kuna chumvi mbadala ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na kloridi ya potasiamu. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini China, uliotolewa mwaka 2021, ulitumia chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu, na waliopewa walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14 kuliko waliobaki na chumvi ya kawaida. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wazima, ila likawatoa wajawazito, watoto na wenye shida ya figo. Ukiwa na mgonjwa wa figo nyumbani, usiiweke kwenye sufuria ya familia.

Hatua ya 6: Vidonge

"Daktari, si ningemeza tu kidonge nipumzike na hizo hesabu?" Huulizwa hivyo, na mimi hujibu: Mama, angalia nyuma ya chupa. Virutubisho vingi vya potasiamu vinavyouzwa bila cheti, hasa vinavyotoka Marekani, vina miligramu 99 kwa kidonge. Nusu kikombe cha mchicha kinakishinda hapo mara nne.

Vile vyenye nguvu ni dawa. Kidonge cha kloridi ya potasiamu cha miligramu 600, kinachoyeyuka polepole, kina potasiamu yenyewe miligramu 313 hivi. Hutolewa kwa mtu ambaye damu yake imeonyesha upungufu, mara nyingi kwa sababu ya Lasix au kutapika na kuharisha kwingi. Ukiandikiwa, meza ukiwa umeshakula, kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima. Usikitafune wala kukisaga, kinaweza kuchoma koo la chakula na tumbo. Usiongeze dozi kwa sababu misuli inabana, maana kubana misuli kuna sababu nyingi na potasiamu ni moja tu.

Hatua ya 7: Siku za kuharisha

Tumia ORS ya pakiti, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Lita moja iliyochanganywa sawasawa ina potasiamu milimoli 20 (kama miligramu 780), kitu ambacho maji ya sukari na chumvi ya nyumbani hayana. Dafu lina potasiamu nyingi, glasi moja hufika miligramu 600, lakini sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo linywewe pamoja na ORS, lisichukue nafasi yake.

Hatua ya 8: Kusoma majibu ya maabara

Kiwango cha kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Namba hii haisemi kama unakula vizuri. Karibu potasiamu yote ya mwili, asilimia 98, imo ndani ya seli, na figo hujitahidi kuituliza iliyo kwenye damu hata kama sahani yako ni mbovu. Kilichoandikwa hapo kinahusu usalama wa moyo wako leo.

Majibu yakipanda ghafla kwa mtu asiye na shida yoyote, uliza kama chembe za damu zilipasuka wakati wa kuchotwa au kama ulikuwa unakunja ngumi kwa nguvu. Vyote viwili hupandisha namba kwa uongo. Uliza, urudiwe kipimo siku hiyohiyo. Kama imefika 6, au unahisi moyo kuruka mapigo na miguu kulegea, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali yenye mashine ya ECG, inayopima umeme wa moyo, na pakiti zote za dawa unazotumia zikiwa mkobani.