Kupatana Bei Sokoni kwa Wanandoa Wanaoishi Ugenini

Wanandoa waliohamia nchi ya kigeni hufika sokoni wakiwa na upungufu usiohusiana na fedha walizo nazo: muuzaji anaijua bei ya kawaida ya bidhaa, na wao hawaijui. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliyelichunguza soko la Sefrou nchini Moroko, aliandika mwaka 1978 kwamba katika masoko ya aina hiyo habari ni haba na haijagawanyika sawasawa, na kwamba kupatana bei ni njia mojawapo ya kuitafuta. Kwa sababu hiyo, matembezi ya mwanzo yawe ya kuuliza tu. Mmoja wenu aulize bei katika meza tatu au nne, huku mwenzake akisikiliza wenyeji wanalipa kiasi gani, kisha mkifika nyumbani mwandike yote pamoja na kipimo chake, kwani bei ya kilo na bei ya fungu haziwezi kulinganishwa. Jifunzeni pia kuhesabu kwa lugha ya wenyeji kabla ya kujifunza maneno mengine mengi.

Waliolelewa katika maduka yenye bei zilizobandikwa mara nyingi huona aibu kuomba kupunguziwa. Aibu hiyo haina msingi. Bei isiyopungua ni desturi changa katika historia ya biashara. Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Le Bon Marché mjini Paris mwaka 1852, ni miongoni mwa walioieneza. Mahali ambapo kupatana ni kawaida, muuzaji hutaja bei akitarajia kujibiwa.

Jambo ambalo wanandoa wengi hulipuuza ni kupatana wao wenyewe kwanza. Kabla ya kuifikia meza ya muuzaji, kubalianeni kama kitu hicho mnakihitaji kweli, kiwango cha juu kabisa mtakacholipa, na nani atakayezungumza. Asiyezungumza naye ana kazi yake: aikague bidhaa, aiangalie mizani, na ajizuie kuisifu. Mume akiwa bado anajadiliana kwa utulivu na mke akasema kwa furaha kwamba kitu hicho ndicho walichokitafuta mwezi mzima, au mambo yakawa kinyume chake, mazungumzo yamekwisha hata kama bei haijatajwa. Kunong'onezana kwa lugha ya kwenu si kinga, kwa sababu wachuuzi wengi wanaowahudumia wageni huokota maneno ya lugha nyingi, na hata wasipoyaelewa, uso wa mtu aliyeridhika hauhitaji mkalimani. Ikiwa mnahitaji kushauriana, ombeni radhi, msogee pembeni, mkarudi na kauli moja. Na iwapo aliyezungumza amekubali bei iliyopita kidogo kiwango mlichokiweka, mwenzake asimsahihishe mbele ya watu. Suala hilo lizungumzwe nyumbani. Nalisisitiza hili kwa sababu fedha zilizopotea sokoni hurudi mapema kuliko heshima iliyovunjwa hadharani.

Kiwango chenu kiwekwe kabla ya kuisikia bei ya muuzaji. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1974 jinsi namba inayotangulia inavyoyavuta makadirio ya mtu, hata isipohusiana kabisa na jambo lenyewe. Waliwaomba watu wakadirie asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa baada ya kuzungusha mbele yao gurudumu la bahati lenye namba. Makadirio ya kati ya walioona namba 10 yalikuwa 25, na ya walioona 65 yalikuwa 45. Ikiwa namba ya gurudumu ina nguvu kiasi hicho, bei iliyotamkwa na muuzaji mwenye uhakika ina nguvu zaidi. Basi mnapoijua bei ya kawaida, tajeni yenu kwanza. Msipoijua, sikilizeni, shukuruni, nendeni meza nyingine. Msiigeuze pia kila bei kuwa sarafu ya kwenu, maana kitu kinaweza kuonekana rahisi kwa sarafu hiyo na bado kikawa ghali mno kwa mtu anayeishi na kununua hapo kila wiki.

Katika majibizano yenyewe, ongezeni kidogo kidogo, na kila nyongeza iwe ndogo kuliko iliyotangulia, ili muuzaji aone kwamba mnakaribia kikomo. Bei isiposhuka tena, ombeni kuongezewa bidhaa. Beba noti ndogo, kwa kuwa si vyema kung'ang'ania punguzo kisha kutoa noti kubwa inayodai chenji. Muhimu zaidi, msitaje bei msiyo tayari kuilipa: muuzaji akiikubali, mmenunua.

Tofauti na mtalii, ninyi mtarudi. Geertz aliona pia kwamba wanunuzi hurejea kwa wauzaji walewale ili kupunguza kazi ya kutafuta habari upya, na mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa wanayoweza kuipata wanandoa wakaazi. Mkimpata muuzaji anayepima sawasawa na kuwaambia ukweli kuhusu bidhaa iliyolala, acheni kubishania sarafu za mwisho. Msalimieni hata siku ambazo hamnunui, na nendeni kwake kwa zamu, ili awafahamu wote wawili na asimtoze mmoja bei ya mgeni wakati mwingine anatozwa ya mteja.