Namna ya Kukadiria Tungamo la Mawingu ya Gesi Yaliyozaa Nyota za Kwanza

Kwa kikokotoo cha kawaida, msomaji anayejua kutafuta kipeuo cha pili anaweza kukadiria mwenyewe ni kiasi gani cha gesi kilihitajika ili wingu liporomoke na kuzaa nyota katika ulimwengu mchanga. Ndani ya wingu kuna nguvu mbili zinazoshindana: uvutano unaoikusanya gesi kuelekea katikati, na mgandamizo utokanao na joto, ambao huisukuma nje. Mwaka 1902 mwanafizikia Mwingereza James Jeans alionyesha kwamba kwa kila halijoto na kila msongamano kuna tungamo ambalo wingu likilizidi, uvutano hushinda.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua halijoto ya gesi kwa kelvini, igawanye kwa 200, kisha zidisha jibu kwa kipeuo chake cha pili. Chukua pia idadi ya chembe katika kila sentimita moja ya ujazo, igawanye kwa 10,000, na utafute kipeuo chake cha pili. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili, halafu zidisha kwa 500. Utapata tungamo la Jeans likipimwa kwa matungamo ya Jua.

Anza na miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, elektroni zilipotulia ndani ya atomu. Halijoto ilikuwa karibu kelvini 3,000 na chembe takriban 250 kwa sentimita ya ujazo. Utapata karibu Jua 180,000, kiasi kikubwa mno kwa nyota yoyote. Baadaye maada nyeusi, yaani maada isiyoonekana ambayo hujulikana kwa uvutano wake tu na haisukumwi na mwanga, ilijikusanya katika mafungu ya Jua laki kadhaa hadi milioni moja, na kati ya miaka milioni 100 na 200 baada ya Mlipuko Mkuu gesi iliyotumbukia humo ikapata joto la kelvini 1,000 hivi.

Hapa ndipo wengi hudhani kwamba gesi ikibanwa tu inatosha. Ijaribu dhana hiyo kwa hesabu: gesi ya atomu ikibanwa mara 8 bila kupoteza joto, halijoto yake hupanda mara 4, na tungamo la Jeans, badala ya kushuka, hupanda karibu mara 3. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kushika kuliko yote katika somo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba bila njia ya kutoa joto, kubanwa kwenyewe hulizuia wingu lisiporomoke.

Gesi ile haikuwa na kaboni, oksijeni wala vumbi, vitu ambavyo leo hupoza mawingu ya angani. Ilitegemea molekuli za haidrojeni. Elektroni chache zilizobaki huru zilijibandika kwenye atomu za haidrojeni; kila atomu ya namna hiyo ilipokutana na nyingine, molekuli iliundwa na elektroni ikaachiwa kuanza upya. Molekuli moja tu kwa kila atomu elfu hivi ilitosha: ilipogongwa ilizunguka kwa kasi zaidi, kisha ikatoa nishati hiyo kama mionzi ya infraredi iliyotoroka winguni. Hata hivyo, hatua ya kwanza ya mzunguko huo inahitaji nishati inayolingana na kelvini 500 hivi, kwa hiyo gesi ilipofika karibu kelvini 200 upoaji ulikwama. Msongamano ulipofikia chembe 10,000, migongano ilianza kuzinyang'anya molekuli nishati kabla hazijaitoa.

Weka basi 200 na 10,000: jibu ni Jua 500. Weka kelvini 10 za wingu baridi la leo lenye msongamano uleule, na utapata chini ya Jua 6. Usichukue hesabu hiyo kuwa tungamo la nyota moja, kwani ni la wingu, na wingu huweza kugawanyika. Kiini cha kwanza cha nyota huanza na takriban sehemu moja ya mia ya Jua, kisha hukua kwa kumeza gesi inayoendelea kuanguka.

Mwishoni kadiria muda ambao wingu huchukua kuporomoka kwa uvutano wake: gawanya miaka milioni 47 kwa kipeuo cha pili cha msongamano. Kwa chembe 10,000 utapata miaka 470,000. Linganisha muda huo na ule ambao gesi inahitaji ili ipoe. Kupoa kukichukua muda mrefu zaidi, wingu litabaki likishikiliwa na joto lake hata kama tungamo linatosha.