Jinsi ya kubana fremu ili picha isiseme usichokusudia

Mwongozo huu ni wa kijana wa Goma mwenye simu ya kawaida, anayepiga picha na video za habari, za mashirika au za ukurasa wake mwenyewe. Mimi ninakula kwa kamera, na wanaokuja kujifunza kwangu huwa naanza nao hapa: unaweza kudanganya bila kugusa kitu chochote kwenye picha. Inatosha kubana fremu, yaani kuchagua pa kukata: kipi kiingie kwenye picha na kipi kibaki nje. Tutafanyia mazoezi soko la Kituku, kando ya ziwa, asubuhi mitumbwi inapofika na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja kabla ya kutoa simu mfukoni

Jiulize: nataka mtazamaji ajue nini? "Sambaza imepanda bei" ni sentensi. "Soko la Kituku" ni mahali tu, na ukiondoka nyumbani na mahali tu utarudi na picha mia zisizo na kazi. Jitumie sentensi hiyo kwenye WhatsApp ibaki pale.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, kisha piga picha pana

Mama muuza samaki atakuuliza, "Picha zetu munaenda kuziuzisha Ulaya?" Usicheke. Watu wa mji huu wameona kamera nyingi zikija na kuondoka, na swali lake ni la haki. Mwambie picha ni ya nini na itawekwa wapi. Akikataa, mshukuru uende kwa mwingine.

Akikubali, rudi nyuma mpaka wote waingie: yeye, beseni lake, majirani zake, wateja, mitumbwi, watoto. Hata usipoichapisha, picha hiyo usiifute. Ndiyo shahidi wako.

Hatua ya 3: Sasa bana, mara tatu, bila kuhama

Kwanza, bana mikono yake inapopima sambaza kwa kikombe, na noti ya mteja inayonyooshwa kutoka pembeni. Hapo una habari ya biashara.

Pili, bana uso wake peke yake anapoinama kuhesabu chenji. Ukishawaondoa mteja na beseni, mama anayehesabu pesa anageuka mama mwenye majonzi. Hakuna aliyemliza.

Tatu, bana mtoto aliyechuchumaa akiokota samaki waliodondoka. Hapo umepata njaa. Rudi kwenye picha pana utazame vizuri: mtoto ni wa huyo huyo mama, na mkono wa pili umeshika andazi lililoumwa nusu.

Fremu ya pili na ya tatu ndizo zenye wanunuzi. Shirika moja liliwahi kunirudishia kazi nzima kwa sababu akina mama walikuwa wanacheka mno. Siku hizi naomba maelezo ya kazi kwa maandishi, na nikiona wanataka "nyuso zenye hisia" nauliza mapema ni hisia zipi.

Lakini kubana fremu kwenyewe si kosa. Mwaka 1904, huko Baringa, Kongo, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa enzi ambazo mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwalazimisha Wakongo kuvuna utomvu wa mpira. Bunduki haionekani, mjeledi hauonekani. Kuna macho ya baba, na sisi tunayafuata mpaka chini pale yanapotazama. Picha hiyo ilizungushwa Uingereza katika mikutano ya kupinga utawala ule, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Picha haikuifanya kazi hiyo peke yake, ila ilikuwa na uzito wake. Fremu inaacha mengi nje, lakini ungeipanua ungekuta ukatili zaidi wa aina ile ile. Andazi la Kituku ni kinyume chake: likiingia ndani ya fremu, njaa inatoka. Kipimo ninachotumia ni hicho. Kilichoachwa nje kinathibitisha kilichomo, au kinakikanusha?

Hatua ya 4: Shusha simu

Anayeuza ameketi, kwa hiyo chuchumaa, lenzi iwe sawa na macho yake. Ukimpiga kutoka juu anakuwa mdogo na wa kuhurumiwa. Ukimpiga kutoka chini ya kidevu anakuwa mkubwa, na ndiyo maana mabango ya uchaguzi hupenda pembe hiyo. Angalia pia mwanga. Ziwa likiwa nyuma yake linang'aa, simu itafuata maji na uso utabaki kivuli, kama wa mshukiwa. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge hapo, ndipo upige.

Hatua ya 5: Pima umbali, hasa mlima ukiwemo

Kilele cha volkano ya Nyiragongo kiko kilomita 15 hivi kutoka mjini, kwenye mita 3,470. Ukisimama karibu na nyumba, mlima unaonekana mdogo nyuma yake. Ukirudi nyuma sana kisha ukavuta kwa zumu, paa na mlima vinabanana mpaka unadhani moto uko uani kwa jirani. Mlima haujasogea, wewe ndiye uliyerudi nyuma. Huku kwetu hilo si suala la urembo. Lava ya Mei 2021 ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, na siku chache baadaye wakazi wa kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji waliamriwa kuhama. Wekundu wa usiku juu ya kilele ukivutwa kwa zumu na kutumwa kwenye kundi la familia bila saa wala mahali, watu watafunga mizigo. Ukiutuma, andika umesimama wapi na ni saa ngapi.

Hatua ya 6: Panga mfuatano

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwongozaji Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu tu, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kuwa watazamaji walimsifu kwa kuigiza njaa, halafu huzuni. Jaribu na video zako za Kituku: mama akitazama pembeni, kisha mtumbwi uliojaa, mama yule yule, kisha beseni tupu. Kama alikuwa hatazami beseni tupu, usiviunganishe hivyo.

Hatua ya 7: Maneno chini ya picha

Maneno nayo ni fremu. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio kuhusu ugonjwa wa kubuni unaotarajiwa kuua watu 600. Walipoulizwa wachague kati ya kuokoa 200 kwa uhakika na kubahatisha kuwaokoa wote, asilimia 72 walichagua uhakika. Kundi jingine liliambiwa kwamba 400 watakufa, au wabahatishe asife mtu. Hesabu ni ile ile, lakini asilimia 78 wakabahatisha. Kwa hiyo ukiandika juu ya kipindupindu, "9 kati ya 10 wamepona" na "1 kati ya 10 amekufa" hazipeleki watu mahali pamoja. Mimi huandika zote mbili.

Chunga na kitenzi. "Nyumba zimeungua" haina mtu. "Nyumba zimechomwa" ina mtu aliyefichwa. "Fulani amechoma nyumba" inahitaji ushahidi mkononi. Andika ile unayoweza kuitetea, si ile inayosambaa.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuchapisha

Mwoneshe picha, bila maneno, mtu ambaye hakuwepo sokoni. Muulize anaona nini, usimsaidie. Mwingine msomee maneno bila picha. Linganisha majibu na sentensi yako ya hatua ya 1. Yakipishana, usikimbilie kuongeza muziki au kubadilisha rangi. Fungua ile picha pana, iweke kando ya uliyoibana. Kama inaikanusha, itupe uliyoibana. Kama inaongeza tu jambo ambalo mtazamaji angepaswa kulijua, weka ile pana iwe ya kwanza katika chapisho, iliyobanwa ifuate.