Matunda ya shira ngumu kwenye vijiti, yale ya kukatika kah!

Hii kitu asili yake ni China, wanaiita tanghulu, na kazi yote iko kwenye maji. Matunda yakiwa na unyevu hata kidogo shira haishiki, inateleza tu. Kwa hiyo osha stroberi au zabibu zako, futa moja moja na taulo la jikoni, ziache zikauke kabisa halafu ndo uchome kwenye vijiti, ila usilitoboe tunda ovyo maana juisi ikitoka umeumia.

Sasa shira. Sukari vikombe 2, maji kikombe 1, koroga kabla ya kuwasha moto, ikishachemka USIGUSE tena! Mimi mara ya kwanza nilikoroga koroga nikaishia na sukari ya mchanga mchanga sufuria nzima, imerudi ilikotoka. Acha ichemke moto wa wastani mpaka ifike kama nyuzi 150, huna kipimajoto basi dondoshea tone kwenye maji ya barafu, ulitoe ulivunje, likikatika kah iko tayari, likivutika kama ubani bado, na ikianza kuwa kahawia, zima moto haraka, la sivyo itakuwa chungu.

Inamisha sufuria, zungusha kijiti mara moja tu, shira iwe nyembamba, nene inaumiza meno. Weka juu ya karatasi ya kuokea, dakika chache imeganda. Watoto wakae mbali jamani, hiyo shira inaunguza kuliko maji ya moto. Na kuleni palepale, kwenye friji inalainika inanata.