Kutafuta na kudai bima ya maisha ya marehemu nchini Kenya

Hatua ya 1: Fuata pesa. Mkataba wenyewe huenda ulishaliwa na mchwa, lakini makato hayafutiki. Anza na hati za mshahara: walimu, polisi na watumishi wengi wa serikali hukatwa bima moja kwa moja. Aliyejiajiri, pitia taarifa zake za benki na M-Pesa ukitafuta kiasi kilekile kinachokwenda nambari ileile ya Paybill. Pitia miezi 12, maana wapo wanaolipa mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 2: Muulize mwajiri, kisha Sacco na benki. Bima ya kikundi ya kazini mara nyingi haina karatasi nyumbani. Uliza jina la kampuni ya bima na fomu ya wanufaika. Mikopo nayo mara nyingi huwa na bima inayofuta deni mkopaji akifariki. Familia nyingi huendelea kulipa deni hilo bure, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa hata shilingi.

Hatua ya 3: Kama imepita miaka mingi tangu kifo, tafuta UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza pesa zisizodaiwa. Pesa za bima zikikaa miaka 2 bila kudaiwa, kampuni hutakiwa kuzikabidhi kwa mamlaka hiyo. Tafuta kwa nambari ya kitambulisho cha marehemu kwenye tovuti yao au kwa *361#. Anayekuomba asilimia ili "akutafutie" mkwepe.

Hatua ya 4: Nyaraka. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo; kwa kibali pekee utarudishwa. Linganisha majina herufi kwa herufi. Yusuf kwenye kitambulisho na Yusufu kwenye cheti hukwamisha dai mpaka ulete hati ya kiapo.

Hatua ya 5: Nani analipwa? Mnufaika aliyetajwa kwa kawaida hulipwa bila kwenda mahakamani. Asipokuwepo, au kama alitangulia kufa, pesa huingia kwenye mirathi: ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kuachiwa siku 30 za pingamizi, na mahakama kwa kawaida husubiri miezi 6 baada ya kutoa hati ya usimamizi wa mali ndipo iithibitishe. Mnufaika akiwa chini ya miaka 18, uliza mapema nani atampokelea.

Hatua ya 6: Ukikataliwa, taka sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba. Wakisema malipo yalikoma, waulize thamani iliyobaki. Bima iliyolipiwa miaka kadhaa huenda bado ina kitu. Msipoelewana, peleka barua hiyo na nakala zako kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA).