Hedseti ya hesi au isiyo na hesi: anza na uma

Natengeneza baiskeli Ifakara, mji ambao mpunga, abiria na ndoo za maji vyote hupanda baiskeli. Swali la hedseti naletewa mara nyingi, na karibu kila mara linaletwa kwa kuanzia mwisho. Mtu ameona baiskeli ya mtumba yenye usukani uliofungwa kwa bolti za funguo ya L, kapenda, anataka na baiskeli yake nyeusi ya Phoenix ifungwe hivyo hivyo. Mimi namwambia tuuangalie uma kwanza, yaani kile chuma cha miguu miwili kinachoshika tairi la mbele. Hedseti ni vikombe, gololi na nati zinazoushikilia uma ndani ya bomba la mbele la fremu, uzunguke bila kucheza. Shingo ya uma, yaani bomba lake linalopanda ndani ya fremu, ndiyo inayoamua. Ikiwa imechongwa hesi, yaani mikato ya mzunguko kama ya skrubu, kwa juu, hedseti yake ni ya hesi. Ikiwa laini mpaka juu, ni ile nyingine.

Kutambua ni rahisi. Ya hesi ina nati kubwa mbili juu ya bomba, na usukani unatokea katikati yake kwa mguu mwembamba ulioingia ndani ya shingo. Bolti ndefu inapita ndani ya mguu huo na kuivuta juu kabari iliyo chini yake, kabari inabana kwa ndani. Isiyo na hesi haina nati hizo. Stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani, inaikumbatia shingo kwa nje kwa bolti mbili za pembeni, na juu yake kuna kifuniko kidogo chenye bolti moja. Mfumo huu John Rader wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1992, na ulisambaa kwa jina la Aheadset.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu wanapotupa hela. Baiskeli zetu nyeusi za mizigo nyingi zina shingo ya inchi 1, milimita 25.4 kwa nje, na mguu wa usukani milimita 22.2. Baiskeli za milimani zenye shingo laini, hasa zile za miaka ya nyuma kidogo, nyingi zina inchi 1 na 1/8, milimita 28.6. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini uma wa pili hauwezi kukaa kwenye fremu ya kwanza, kwa sababu bomba lake linapokea vikombe vya milimita 30 hivi, wakati uma ule unadai bomba la milimita 34. Hakuna tupa wala nyundo ya kuokoa hapo. Akija mtu na uma wa springi alioununua tayari kwa ajili ya fremu ya Phoenix, namshauri autafutie fremu nyingine au aurudishe dukani kabla haujachafuka.

Hata ndani ya hesi zenyewe kuna mtego. Uma nyingi za inchi 1 zina hesi 24 kwa kila inchi, lakini Raleigh za zamani zilizotengenezwa Nottingham zina 26. Nati ya moja ikipelekwa kwenye nyingine inaingia mzunguko mmoja au miwili kisha inakaza. Ukisikia imekaza, toa. Ukiendelea na spana unakula hesi za uma, na uma ni ghali kuliko nati. Nenda dukani na nati yako ya zamani mkononi.

Kwa baiskeli ya mzigo, msimamo wangu ni huu: baki na hesi. Sababu ya kwanza ni breki za fito. Fito zile zimefungwa kwenye usukani wenyewe na zinashuka mbele ya bomba mpaka kwenye uma. Ukibadili namna usukani unavyokaa, umevuruga breki, na mtu mwenye gunia la mpunga nyuma hapaswi kufanyiwa majaribio ya breki. Sababu ya pili ni urefu. Usukani wa mguu unaupandisha au kuushusha kwa kulegeza bolti moja, na baiskeli ya nyumbani hupandwa na baba, mama na kijana. Hakikisha tu alama ya mwisho iliyochorwa kwenye mguu haionekani nje. Ikionekana umepandisha mno na mguu unaweza kuvunjika. Sababu ya tatu ni vipuri: gololi na nati za inchi 1 zinapatikana hata kwa fundi wa chini ya mwembe.

Ubaya wake ni kutu. Mguu usiopakwa grisi unashikana na shingo ndani, na baada ya masika kadhaa hautoki tena. Kila unapoufungua, upake grisi. Na ukitaka kuulegeza, usiitoe bolti yote: ilegeze mizunguko michache, weka kipande cha ubao juu yake, gonga kwa nyundo mpaka kabari iachie.

Kwa baiskeli ya mtumba ya milimani ambayo tayari ina shingo laini, sioni sababu ya kurudi kwenye hesi. Funguo ya L ya milimita 4, 5 au 6 inamaliza kazi yote, wakati ya hesi inadai spana mbili pana, mara nyingi za 32 kwa shingo ya inchi 1, na ukikosa unatumia spana malaya, ile ya mdomo wa kurekebisha, inayokwangua kona za nati. Ila usikate shingo ya uma haraka. Kimo cha usukani kinatokana na pete zilizowekwa chini ya stemu, na shingo ikishakatwa fupi imekwisha. Anza na pete nyingi, endesha, ndipo uamue.

Kuifunga kuna mpangilio ambao wengi wanaugeuza. Legeza kwanza bolti za pembeni za stemu. Kaza kifuniko cha juu kidogo kidogo mpaka uma uache kucheza lakini uzunguke kwa wepesi. Nyoosha usukani na tairi. Mwisho ndipo ukaze bolti za pembeni, kwa kupokezana, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye stemu. Nyingi ni Nm 5 hivi (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Bolti ya juu kazi yake ni kuondoa mchezo tu, kinachoshika usukani ni zile za pembeni. Shingo ya uma iishie milimita 3 hivi chini ya ukingo wa stemu au wa pete ya juu. Ikifika sawasawa na ukingo, kifuniko kitagota shingo na mchezo hautaisha hata ukaze vipi.

Mwenye uma wa hesi anayetaka stemu ya kisasa ana njia ya kati: kipo kipande chenye mguu wa milimita 22.2 kwa chini na kichwa cha 28.6 kwa juu. Hedseti inabaki ile ile, stemu inabadilika. Kwa breki za waya nakikubali, kwa breki za fito hapana.

Aina zote mbili zinakaguliwa sawa. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, vidole vikigusa kikombe cha juu. Ukisikia mgongano, kuna mchezo. Kisha inua tairi la mbele na ugeuze usukani taratibu. Usukani ukikwama kidogo unapofika katikati, gololi zimechimba vikombe. Dawa ni vikombe vipya, lakini kama hela haijapatikana na gololi zako zimo ndani ya kishikizo cha bati, kitoe, jaza gololi huru za kipimo kile kile pamoja na grisi, ukiacha nafasi ndogo zisibanane. Zitakaa nje ya mashimo ya zamani na usukani utalainika kwa muda. Kagua tena baada ya safari chache za mzigo, kwa sababu vikombe hukaa vizuri zaidi vikishapata uzito, na mchezo hurudi kidogo.