Somo: Namna ya kuendesha shindano la hadithi fupi mtaani bila watu kununiana

Tangu mwaka uanze nimepigiwa simu na watu kumi na mmoja, wote swali moja: "Mama Neema, lile shindano lenu la Pasua mnaliendeshaje?" Naeleza huku wateja wa fotokopi wamenisimamia dirishani. Nimechoka. Naandika mara moja, mwenye swali asome kwanza ndipo aulize.

Kwa mgeni wa jambo hili: ni shindano la hadithi fupi ambalo kila anayeleta hadithi hupewa hadithi tatu za wenzake azisome na kuziandikia maoni. Tumelifanya mara tatu hapa Pasua, mtaa wetu wa Moshi. Mara ya kwanza tuliliharibu, nitasema wapi.

Hatua ya 1. Kamati ya watu watatu. Wawili wakibishana, wa tatu anaamua.

Hatua ya 2. Masharti yaenee karatasi moja. Yetu: hadithi kwa Kiswahili, maneno yasiyozidi 1,500, iwe haijatolewa popote, mtu mmoja hadithi moja. Tarehe usiipeleke Desemba. Desemba Wachagga wote wamerudi nyumbani, kila kihamba kina wageni na kila jioni kuna mbege, nani atakusomea hadithi? Novemba nayo kidato cha nne wako kwenye mtihani. Sisi tunachukua Juni hadi Agosti, ile baridi ya Julai inawaweka watu ndani.

Saa ya mwisho iandike kwa maneno. Mwaka wa pili tuliandika "mwisho Jumamosi saa 6 usiku". Wengine wakaelewa usiku wa kuamkia Jumamosi, wengine wa kuamkia Jumapili, na kijana mmoja aliyeona "12:00" kwenye tangazo la simu akanigongea mlango saa kumi na mbili asubuhi, bahasha mkononi. Sasa tunaandika: Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, jua likizama.

Hatua ya 3. Kila hadithi ipewe namba, jina lisionekane kwenye ukurasa wowote. Daftari la majina ashike mtu mmoja ambaye hashindani wala haamui.

Hatua ya 4. Kugawa. Andika namba kwenye vikaratasi, tia kwenye ndoo, changanya, chomoa moja moja na uzipange duara. Kila mtu anasoma tatu zinazofuata baada ya yake. Duara likiwa na hadithi 24, aliyekaa nafasi ya 23 anasoma ya 24, ya 1 na ya 2. Kwa hiyo kila hadithi inapata wasomaji watatu, hakuna anayekutana na ya kwake, na zikiwa saba au zaidi hakuna wawili wanaosomana wao kwa wao. Usiruke ndoo. Marafiki huleta hadithi zao pamoja, namba zinafuatana, ukigawa hivyo hivyo umewapa ndugu wasifiane.

Gharama: hadithi 24, kurasa nne kila moja, nakala tatu, ni kurasa 288. Kwa shilingi 100 ukurasa ni 28,800. Kwangu napunguza kidogo, lakini msije wote siku moja.

Hatua ya 5. Maoni, siyo alama. Hapa ndipo tulipoharibu.

Mwaka wa kwanza tulisema kila msomaji atoe alama kati ya 1 na 10, tujumlishe, mwenye nyingi ashinde. Ilionekana haki tupu. Matokeo yalipokuja, hadithi ambayo kamati nzima tuliipenda, ya mzee anayehamisha kaburi la mkewe kupisha barabara, ilikuwa na 3, 2 na 4. Iliyoshinda ilikuwa ya mbwa anayeota ndoto, na mwishoni anaamka. Ilipata tisa tatu. Nilikaa na zile fomu usiku mzima nikitafuta aliyeiba, sikumpata, kwa sababu hakuna aliyeiba. Kila mmoja alipiga hesabu yake kimya kimya: nikimpa alama kubwa mwenye hadithi nzuri najikata mwenyewe, nikimpa dhaifu sipotezi kitu. Makosa yalikuwa yangu. Nilichukua wauza ndizi wa Mbuyuni nikawaambia kila mmoja apange bei ya mkungu wa mwenzake. Yule wa hadithi ya kaburi hakuleta tena. Nikikutana naye stendi ananiamkia tu na kupita.

Kwa hiyo, na hapa sitanii: anayeshindana asitoe namba ya aina yoyote. Hata nyota. Hata "nzuri, wastani, mbaya". Washindi wachaguliwe na waamuzi watatu wasio na hadithi mle ndani. Msomaji kazi yake ni kujaza mistari mitatu kwa kila hadithi: anakili sentensi iliyomshika, anataja mahali alipotamani kuacha kusoma, anauliza swali moja ambalo hadithi haikumjibu. "Hongera sana, kazi nzuri, endelea hivyo hivyo" tunairudisha siku hiyo hiyo. Asiyeleta maoni kwa wakati, hadithi yake haiendi kwa waamuzi, na hilo liwe kwenye masharti tangu mwanzo ili asije kulia baadaye.

Na weka zawadi ya msomaji. Kila mwandishi anachagua, kati ya maoni matatu aliyopata, yale yaliyomsaidia zaidi. Msomaji aliyechaguliwa mara nyingi anachukua zawadi sawa na ya mshindi wa pili. Wakifungana, kamati inasoma fomu zao. Tangu tuiweke, fomu zinarudi zimejaa hadi nyuma.

Hatua ya 6. Wiki mbili za kurekebisha. Waamuzi wanapata hadithi iliyorekebishwa.

Hatua ya 7. Siku ya matokeo. Chai, maandazi, hadithi tatu zisomwe kwa sauti. Spika siyo lazima.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Njoro: Mama habari, naomba kujua hadithi mnagawaje ili mtu asisome ya kwake?

Mama Neema: Hatua ya 4.

Mdau Kiboriloni: Nina hadithi ya maneno 4,000 lakini ni tamu sana. Inaruhusiwa?

Mama Neema: Hapana.

Mdau Kiboriloni: Hata nikipunguza font?

Mama Neema: Tunahesabu maneno, baba. Hatupimi kwa rula.

Mwalimu wa Sakina: Shikamoo Mama Neema. Nataka kulianzisha hapa Arusha, nina wanafunzi wa sekondari na watu wazima pamoja. Hofu yangu ni kwamba mtoto wa miaka kumi na sita hataweza kumwambia mzee kwamba hadithi yake imemchosha. Mnafanyaje?

Mama Neema: Marahaba mwalimu. Swali zuri, na sisi lilitusumbua. Namba zinasaidia, lakini watoto wanamtambua mzee kwa Kiswahili chake kabla hawajafika aya ya pili. Kilichosaidia zaidi ni ile fomu. Haimwulizi mtoto kama hadithi ni nzuri au mbaya, inamwuliza alitamani kuacha wapi. Hapo hamhukumu mtu, anasema habari zake mwenyewe. Kuna binti aliandika: "Niliacha kwenye ukurasa wa pili pale mvua inapoelezwa, nikaenda kuinjika maji, nikarudi." Mwenye hadithi, mwalimu mstaafu, alicheka mpaka machozi na ile mvua akaikata. Jambo la pili, wafundishe kwanza. Chukua hadithi moja ya kwako, mbovu kusudi, waijazie fomu darasani mbele yako. Wakiona mkubwa anapokea bila kukunja uso, wanaachia.

Mwalimu wa Sakina: Asante sana mama. Ya kwangu haitahitaji kusudi.

Mtazamaji: Mimi nilishiriki mwaka jana. Ninavyoona mnawapendelea wa Pasua. Na hadithi yangu ilikatwa eti ina Kichagga kingi.

Mama Neema: Washindi watatu wa mwaka jana: Rau, Majengo, Himo. Pasua hakuna, na mimi mwenyewe nililalamika. Kuhusu Kichagga, fomu zako ninazo. Hakuna aliyeandika kimezidi. Waliandika kwamba kila neno umelifungia tafsiri kwenye mabano, wakawa wanajikwaa.

Binti Rau: Samahani naingilia. Kwa hiyo neno kama kisusio unaliandikaje mtu wa Tanga aelewe?

Mama Neema: Liache lifanye kazi. "Baba mkubwa alikoroga damu kwenye sufuria ya supu, akawapa wanaume kisusio kabla ya nyama kuiva." Wa Tanga ameshaelewa, na mabano hukuyahitaji.

Fundi simu Double Road: Ongezeeni hapo kwenye namba. Faili la kompyuta linabeba jina la mwenye kompyuta hata ukifuta jina kwenye ukurasa. Liko kwenye taarifa za faili.

Mama Neema: Usinikumbushe! Mwaka wa pili nusu ya hadithi zilichapwa hapa dukani kwangu. Mtu akafungua taarifa za faili, akakuta hadithi tisa mwandishi wake ni "Mama Neema". Mtaa mzima ukajua naandika hadithi tisa na kujipa zawadi. Sasa tunagawa karatasi tu. Ukilazimika kutuma kwa simu, geuza iwe PDF, kisha hakikisha jina limetoka, na faili liite kwa namba yake.

Msomaji wa Kaloleni: Na hadithi zilizoandikwa na akili mnemba mnazikamataje?

Mama Neema: Hatuna mashine ya kukamata, na zile zinazodai kukamata siziamini. Wale sita wa mwisho tunawaita mmoja mmoja, dakika kumi, tunauliza: ulikata nini baada ya maoni, na kwa nini? Aliyeandika huwa hanyamazi, unamtoa kwa kumpa chai. Mwaka jana mmoja aliulizwa jina la mhusika wake mkuu akaomba aangalie simu.

Binti Rau: Hadithi ikishinda inakuwa mali ya nani? Kuna shindano moja niliingia, fomu ilisema hadithi zote ni zao.

Mama Neema: Vizuri umesoma fomu, wengi wanasaini tu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, haki ni ya mwandishi, inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sisi tunaomba ruhusa mbili tu kwa maandishi: kuisoma siku ya matokeo, na kuitia mara moja kwenye kijitabu chetu. Na nikuongezee: hata ukishinda, usiisambaze hadithi kwenye magrupu. Mashindano makubwa mengi hutaka kazi ambayo haijachapishwa, na kuna waandaaji wanaohesabu grupu kuwa ni kuchapisha.

Fundi simu Double Road: Kijitabu mnabana na nini? Cha kwangu kinaachia kurasa.

Mama Neema: Kunja karatasi katikati, pini mbili kwenye mkunjo, kwa stepla ya mkono mrefu. Huna? Toboa kwa sindano ya gunia ushone kwa uzi wa viatu. Kinakaa kuliko pini.

Kijana wa Njoro: Mama samahani, mwisho wa kuleta ni saa sita usiku eti?

Mama Neema: Saa kumi na mbili jioni. Jumamosi. Jua likizama.